Mwenyekiti Ndesanjo na Mazungumzo ya Pande Mbili

Hii ni hotuba ya Ndugu Efraimu Ndesanjo, Mwenyekiti wa Umoja wa Madereva na Makondakta wa Miteremko ya Meru, kama alivyoitoa Jumamosi asubuhi katika uwanja wa Daraja Mbili, jijini Arusha. Wanachama walikuwa wamekusanyika kupiga kura moja tu: wagome au wasigome mpaka mwenzao, dereva Lesian, aliyefukuzwa kwa kukataa kuendesha gari lenye breki mbovu, arudishwe kazini. Yaliyosemwa na kutendwa na wasikilizaji yamewekwa katika mabano.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ametuma udhuru. Mheshimiwa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, ambaye tunaambiwa yuko njiani. Waheshimiwa Wajumbe wa Kamati Tendaji. Waheshimiwa Wajumbe wa Kamati Tendaji Ndogo, ambao ni wale wale ila leo wameketi mstari wa pili. Mwinjilisti wetu Mzee Tajeu, uliyewabatiza na kuwafundisha wengi wa walio hapa, mimi nikiwamo. Wazee wangu mliotoka Kisongo na fimbo zenu alfajiri hii ya baridi. Bwana Frederick, mmiliki wa magari na mdau mkubwa wa maendeleo, ambaye hema hili linalotukinga na ukungu wa mlima ni lake, viti ni vyake, na kipaza sauti hiki pia ni chake. Katibu wetu, Bi Lilian. Waandishi wa habari, kama mpo. Madereva, makondakta na wapiga debe. Na mwisho kabisa, kwa kuwa itifaki ni ngazi na kila ngazi ina kipandio chake cha chini, ndugu Lesian: nawasalimu nyote kwa niaba ya Umoja wetu, kwa niaba ya ofisi yangu, na kwa niaba yangu binafsi. (Makofi, hasa ya Kamati Tendaji.)

Bwana asifiwe! (Amina!) Bwana asifiwe tena! (Amina!) Nashukuru sana. Katibu, andika kwamba azimio la kwanza, la kumruhusu Mwenyekiti azungumze bila kukatizwa mpaka atakapotosheka, limepita kwa kauli moja. (Minong'ono. Mwinjilisti Tajeu anainuka kwa taabu: "Efraimu, mwanangu, Amina ile tumempa Bwana. Hatukukupa wewe.") Nashukuru kwa mchango huo wa kiroho, mzee wangu. Umepokelewa, na utafanyiwa kazi.

Ndugu wanachama, ninatambua kwamba mmekuja na ajenda moja, na ninaiheshimu ajenda hiyo. Lakini chama makini, chenye dira, dhima na mpango mkakati, hakiwezi kuirukia ajenda kama mbuzi anavyorukia ua, bila kwanza kupitia utangulizi, usuli, muktadha, na tathmini shirikishi ya huo muktadha. (Sauti: "Mungu wangu.") Naam, na wangu pia.

Chama chetu kinafanyaje kazi? Swali zuri, ingawa hakuna aliyeuliza. Mwanachama anapopatwa na tatizo, humweleza kiongozi wa kituo. Kiongozi wa kituo humweleza mratibu wa njia. Mratibu wa njia huliwasilisha kwenye Kamati Ndogo, ambayo hukaa. Ikishakaa, hukaa tena ili kujadili namna ilivyokaa. Kisha hulipeleka kwenye Kamati Tendaji, ambayo hujielimisha kwa semina elekezi. Na tatizo hilo linapofika mezani kwangu huwa limekwisha kupoa kiasi kwamba naweza kulishika kwa mikono mitupu. (Kicheko.) Mnacheka, lakini hiyo ndiyo fremuweki. Kwa fremuweki hiyo hiyo uelewa wa wanachama kuhusu haki zao umepanda kwa asilimia sitini, na kuridhika kwao na uongozi kumepanda kwa asilimia mia na nne, takwimu ambayo wataalamu wenyewe wameshindwa kuieleza.

(Kutoka nyuma, Skolastika, kondakta wa njia ya Kisongo: "Shikamoo, Mwenyekiti!") Marahaba, binti yangu, marahaba. Mnaona malezi mema? ("Kura lini?") Kura ipo, binti yangu. Kura haikimbii. ("Kura haikimbii, wewe ndiye unayeikimbia!" Kicheko kirefu, makondakta wanapiga miluzi.) Utulivu, tafadhali. Umoja huu haujajengwa kwa miluzi.

Sasa nije kwenye suala la Lesian, kwa uwazi na uwajibikaji. Taarifa zilizonifikia zinasema kwamba alikuwa akiteremka na kifodi kutoka vijiji vya juu, gari limejaa abiria na mikungu ya ndizi, akakanyaga breki, na breki, kwa lugha ya kitaalamu, haikutoa fidibeki. Akaielekeza ile hiace kwenye kingo ya shamba la kahawa, ikagota, ikasimama. Abiria wakashuka, wengine wakiimba tenzi, na mama mmoja akiulizia ndizi zake. Asubuhi iliyofuata akaambiwa aliondoe gari kituoni, akasema haliondoi mpaka litengenezwe, akaambiwa basi aache ufunguo aende kwao. Hayo ndiyo yaliyotokea, na uongozi umesikitika kwa kiwango kinachostahili.

(Lesian, akisimama: "Mwenyekiti, ndani mlikuwa na akina mama wenye watoto mgongoni. Ningeteremka tena, ningeua watu.") Keti, Lesian. Hilo ni kadirio, na chama hakifanyi kazi kwa makadirio. Chama hufanya kazi kwa matukio. Tukio lingetokea, ungetuona! Ungeliona shada la maua lenye jina la Umoja, ungeniona mimi mwenyewe nimesimama kaburini na suti nyeusi, nikisoma rambirambi ambayo, nisiwafiche, iko tayari tangu mwaka juzi. Lakini wewe umezuia tukio, kisha unadai msaada. Tukusaidie kwa lipi? (Mwinjilisti Tajeu anavua kofia.)

Pili, naomba tuisome hali kisheria. Mwenzetu anadai kwamba amefukuzwa kazi. Nimeulizia: hana mkataba wa ajira, hajawahi kuwa nao, alipewa ufunguo kwa mdomo na akanyang'anywa kwa mdomo. Mtu asiyeajiriwa hawezi kufukuzwa. Kilichotokea ni kwamba pande mbili zisizokuwa na uhusiano wowote zimesitisha uhusiano huo kwa amani. (Skolastika: "Hata mimi sina mkataba! Hapa nani anao? Anyooshe mkono!" Hakuna mkono unaonyooshwa.) Umeona, Skolastika? Usawa umepatikana, na ni kazi ya uongozi huu.

Kabla sijaendelea, nawaomba vijana mlioegemea gari nililokuja nalo, lile jeupe pale karibu na mfereji, msiyaguse mawe yaliyowekwa chini ya magurudumu. Bwana Frederick ameniazima kwa shughuli za chama, nami nashuhudia kwamba breki zake ni nzuri kabisa mahali palipo tambarare. (Lesian: "Jamani, ndilo lile lile!" Vijana wanaruka kando. Vumbi, kelele, mtu anaangusha kikombe cha chai.) Hakuna sababu ya taharuki. Limetulia. Mawe yamewekwa na mjumbe mwenye uzoefu.

Na sasa, ndugu wanachama, nifikie jambo ambalo vizazi vijavyo vitalitaja pamoja na jina langu, jina hilo likitangulia. Najua wapo wanaodhani kwamba dawa ya suala hili ni mgomo: magari yalale kituoni, wafanyakazi watembee kwa miguu kutoka Sokon I, wagonjwa wakose usafiri, na mimi nipigiwe simu na watu ninaowaheshimu. Nasema hapana, kwa sababu tunacho chombo cha kisasa, Meza ya Pamoja ya Majadiliano kati ya Wafanyakazi na Wamiliki wa Magari ya Abiria, iliyobuniwa nami, ikazinduliwa nami, na kuongozwa nami kwa unyenyekevu. (Makofi ya Kamati Tendaji.) Meza hii imekaa. Imekaa Sokon I, katika ukumbi wenye staha, ikala machalari ya ndizi na nyama, ikalichambua suala la Lesian kutoka kila upande. Msidhani ilikuwa kazi rahisi! Upande wa wamiliki ulikuwa mkali. Ulikataa hoja yetu ya kwanza, ukakataa ya pili, na kuna wakati nilitamani kuinuka na kutoka nje. Lakini nikakumbuka madereva wangu, nikajizuia, nikaomba supu.

(Lesian: "Mzee, na mimi mbona sikuitwa? Ni mimi mnayenijadili.") Uliwakilishwa, Lesian. ("Matokeo ni nini? Narudi kazini, sirudi?") Matokeo yapo, na nitayafikia kwa utaratibu wake. (Skolastika: "Utaratibu wako una kona nyingi kuliko njia ya mlimani!" Kicheko. Hata Bwana Frederick anatabasamu.)

Wakati wangu umekwisha, ingawa maneno bado ninayo. Tusimamishe roho zetu kwa pamoja. Majadiliano, hoyee! (Hoyee, ya Kamati Tendaji.) Semina, hoyee! (Hoyee, ya mjumbe mmoja.) Subira, hoyee! (Kimya.) Mgomo, zii! (Skolastika: "Zii mwenyewe!") Umoja wetu, usukani mmoja, mwelekeo mmoja! (Sauti: "Breki je?")

Sasa ni shukrani. Namshukuru Mungu, ambaye bila Yeye nisingekuwa hapa. Namshukuru Bwana Frederick kwa hema, viti, kipaza sauti na gari. Namshukuru mpishi wa yale machalari. Na kwa kuwa ninazungumza mbele ya Mwinjilisti aliyenifundisha amri, sina budi kuwashukuru kwa ukweli wamiliki wote wa magari ya abiria wa mji huu, ambao nina imani kwamba siku moja wataunda chombo chao, watachagua wajumbe wao, na wajumbe hao watafika mezani. Maana mpaka leo chombo hakipo, wajumbe hawapo, na aliyefika hayupo. Katika mazingira hayo magumu, ili mchakato usikwame, upande wa wamiliki niliukalia mimi. Nilikuwa nikiuliza nikiwa upande huu, nazunguka meza, naketi, najibu nikiwa upande ule. Na naomba nijipe haki yangu: nilipokaa upande ule sikumpendelea mtu. Nilisema, Lesian asirudi. Kisha nikazunguka, nikaketi upande huu, nikalipokea jibu hilo kwa uchungu lakini kwa uungwana, na pande zote mbili zikapeana mikono.

(Bwana Frederick, akigeuka kwenye kiti chake: "Ndesanjo, mimi hujaniuliza neno lolote." Lesian: "Ameketi hapo, hatua chache kutoka kwako, hukumuuliza?") Itifaki, ndugu zangu. Mgeni hahojiwi. (Skolastika anapanda juu ya benchi: "Jamani! Yeyote ambaye Jumatatu hatoi gari kituoni mpaka breki zitengenezwe na Lesian arudi kazini, asimame!" Wanasimama wa njia ya Kisongo, kisha wa Sokon I, kisha wapiga debe, kisha uwanja mzima. Mwinjilisti Tajeu anasimama akishikwa mkono na Lesian.)

Nimeguswa. Nasema kweli, nimeguswa. Katika miaka yangu yote ya utumishi sijawahi kuona wanachama wakisimama namna hii kwa ajili ya kiongozi wao. Ahsanteni. Heshima hii nimeipokea. Sasa mnaweza kukaa. (Hawakai.) Kaeni, ndugu zangu, imetosha. (Hawakai.) Nimesema kaeni! Katibu, andika kwamba mkutano umesimama kwa heshima ya Mwenyekiti. Katibu? (Bi Lilian ameweka kalamu mezani. Naye amesimama.)