Bajeti Yote kwa Mteja Mmoja

Jumatatu, 3 Juni

Kikao cha asubuhi. Bajeti ya masoko imekatwa nusu. Mkurugenzi, mama wa miwani, aliyatamka hayo kwa upole, kama daktari anayemweleza mgonjwa ni mguu upi utakaobaki. Ametupa hadi mwisho wa mwezi. Akiona faida ya matangazo, idara inabaki. Asipoiona, inafungwa, na mkataba wa Mbunifu, unaokwisha wakati huo huo, hautaongezwa. Mkuu wa Mauzo alikuwa akijikuna kidevu. Namfahamu. Akijikuna kidevu anapima ofisi yangu kwa macho, ajue meza yake itakaa upande gani.

Baadaye Mbunifu, binti anayetuchorea matangazo, akaja mezani kwangu. Ana mama mgonjwa na wadogo zake wawili shuleni, na mshahara huu ndio unaowaweka wote chini ya paa. Hakulalamika. Aliuliza tu kama aanze kutafuta kwingine. Nikamwambia asihangaike, aniachie mimi.

Maneno hayo nimeyasema mara nyingi maishani. Sikumbuki hata siku moja yalipoleta heri.

Jumatano, 5 Juni

Leo nimejenga timu.

Idara yangu ina watu watatu: mimi, Mbunifu, na mwandishi wa matangazo ambaye kiwanda kizima kinamwita Mshairi. Ameajiriwa kuandika habari za magodoro, ila neno lenyewe hataki kulitumia. Anaona halina staha. Tangazo lake la mwezi uliopita lilisema kwamba usiku una deni nawe. Waliopiga simu wote walitaka kujua riba ni asilimia ngapi.

Nimesoma kitabuni kwamba timu imara huanza na kuaminiana. Zoezi lake ni hili: unafumba macho, unajiangusha kinyumenyume, wenzako wanakudaka. Kwa usalama nikatandika godoro la maonyesho nyuma yangu. Nikafumba macho. Nikaeleza kwa kirefu maana ya imani. Nikiwa naeleza, watu wa Mauzo wakaingia kulichukua godoro, kuna mteja anataka kulikagua. Mbunifu akawafuata ukumbini kuwazuia. Mshairi alikuwa dirishani akitafuta neno.

Nikajiangusha.

Kiuno. Siandiki zaidi leo.

Ijumaa, 7 Juni

Mbunifu ana wazo. Anasema fedha kidogo ukizitawanya mji mzima hazionekani, heri kuzielekeza mahali pamoja. Mwezi huu wanafunzi wa chuo wanahamia mabwenini, kila mmoja anahitaji godoro jembamba la bei nafuu, na hakuna anayewafuata. Tukawaulize wanataka nini, tubandike matangazo kwenye mageti yao, tuwapelekee mzigo hadi mlangoni. Alikuwa amechora hadi ramani.

Nusu ya kwanza niliisikiliza kwa makini. Mahali pamoja! Kweli kabisa. Nusu ya pili ilinipita, kwa kuwa akili ilikuwa imeshatoka mbio. Nani atakata shauri mwisho wa mwezi? Wanafunzi? Hapana. Mkurugenzi. Bajeti hii haitoshi kuushawishi mji. Kumshawishi mtu mmoja inatosha na chenji inabaki.

Mchana nikamnunulia chakula dereva wa Mkurugenzi. Alikula sahani mbili, akasema yote: njia wanayopita, redio anayosikiliza mama huyo garini, saluni anakosukwa Jumamosi, hata daktari wake wa meno. Nilipomaliza kuandika aliniuliza, mzee, hivi unataka kumposa? Nikamwambia ni kazi. Akasema ndivyo wasemavyo wote.

Jioni nikamjulisha Mbunifu kwamba wazo lake nimelipenda na nimeliboresha kidogo.

Alhamisi, 13 Juni

Ushindi!

Bango kubwa limesimama kwenye mzunguko ulio karibu na kwa Mkurugenzi. Limemeza sehemu kubwa ya bajeti, lakini limesimama. Redioni tangazo linasomwa asubuhi mara moja tu, gari lake likiwa njiani. Saluni wamebandika karatasi zetu kwenye vioo vyote. Daktari wa meno alikataa ukutani, akakubali darini, juu ya kiti cha wagonjwa. Nikaona ndipo hasa.

Leo Mkurugenzi ameniita ofisini kwake. Meno yote nje. Alisema hajawahi kuona jambo kama hili, amefumbua macho kwa daktari akakuta jina la kiwanda chake. Tumeenea, alisema. Kwa nusu ya fedha! Aliniagizia kiti kipya, cha kuzunguka.

Nilirudi idarani nikazunguka. Mbunifu akaniuliza mauzo yamepandaje. Nikajitia sijasikia. Akaniuliza tena, safari hii akinifuata upande ule niliogeukia. Anasema ameulizia ghalani: magodoro yamefika darini na mtunza ghala anapita kiubavu. Nikamwambia masoko yanahitaji subira. Akaniangalia jinsi mtu anavyoangalia mawingu akiwa ameanika nguo.

Jumanne, 18 Juni

Balaa. Bomba la maji limepasuka, barabara ya mzunguko imefungwa. Dereva anapita njia ya nyuma, ya kwenye mashine za kusaga. Huko hatuna hata karatasi moja. Jana Mkurugenzi alimuuliza kama washindani wametung'oa.

Fedha zilizobaki hazinunui bango, bali zinaweza kukodi watu wa kutembeza tangazo. Nikatafuta wabeba mizigo wawili walibebe godoro lenye jina letu, mmoja mbele, mmoja nyuma, waipite ile njia asubuhi. Wa mbele alikuja. Wa nyuma alituma salamu.

Nikabeba mwenyewe. Kwa kiuno hiki.

Godoro la futi sita halina huruma. Linapinda katikati, linataka kukaa chini, unabembelezana nalo kama mtoto sokoni. Tulipofika njia panda gari la Mkurugenzi likasimama kando yetu. Nikajibanza nyuma ya godoro. Nikasikia kioo kikishuka. Akauliza, linauzwa bei gani? Mwenzangu hakujua. Ikabidi nijibu mimi, kwa sauti ya puani, kama mtu mwenye mafua ya mwaka mzima. Nikataja bei yetu halali.

"Ghali hilo," alisema Mkurugenzi, akapandisha kioo.

Dereva alikuwa ameviona viatu vyangu. Gari liliondoka likiyumba kidogo. Nadhani ni kicheko.

Jumamosi, 22 Juni

Nimelala chali siku nzima, mke wangu akinikanda. Nilimweleza mkakati wote nikitarajia pongezi. Aliniuliza yeye angeyaona wapi hayo matangazo, maana anapanda basi, redio yake ina stesheni nyingine, na nywele anasukwa na dada yake. Nikamwambia yeye si mlengwa. Akasema, bwana wewe, anayenunua godoro humu ndani ni nani? Kisha akalipigapiga tulilolalia. Ni la washindani wetu. Tulilinunua kabla sijaajiriwa, na nembo yake naifunika kwa shuka wageni wakija.

Alipotoka nikamkumbuka baba. Katika mji ule niliouacha kijana, na ambao mitaa yake sasa naweza kuitembea kichwani tu, aliuza vitanda vya kamba. Hakuwa na bango wala bajeti. Akishauza kitanda, wiki ya pili alipita kwa mnunuzi kumuuliza kama analala vizuri. Kamba ikilegea aliikaza palepale, bure, akisimulia habari zisizo na mwisho. Watu walimcheka. Halafu wakamletea mashemeji zao, na majirani wa mashemeji zao. Hata siku tulipofunga duka na kuondoka, kuna mtu alikuja mbio kuagiza kitanda.

Nililifikiria jambo hilo kwa muda mrefu. Maskini mzee. Hakuwa na mkakati.

Ijumaa, 28 Juni

Siku ya hukumu. Nimeandika haya taratibu, nisitie chumvi.

Mkurugenzi alifungua kikao kwa kunisifu hadi masikio yakapata moto. Akasema sasa hakuna asiyetujua. Yeye mwenyewe kila aendako anatukuta, hata barabarani amekutana na watu wamebeba godoro letu, ingawa mmojawapo alionekana mgonjwa. Kisha akatoa uamuzi. Kwa kuwa tumeshajulikana, hakuna haja ya kutangaza tena. Fedha zilizosalia zinunue matairi ya lori. Mimi nitabaki, na kiti changu. Mshairi atahamia mapokezi. Mbunifu anashukuriwa kwa utumishi wake.

Nilikuwa nimefaulu kupita kiasi.

Mbunifu aliikunja ile ramani yake, akaikunja tena, hadi ikawa ndogo kama kitambaa cha mkononi. Nikangoja mtu aseme neno. Mkuu wa Mauzo alikuwa akijikuna kidevu. Mshairi alikuwa akitafuta neno, nadhani bado analitafuta. Nikagundua nimesimama.

Nikamwaga yote. Bango, redio, vioo vya saluni, dari ya daktari, sauti ya puani. Nikasema mjini hatujulikani, tunajulikana garini mwake. Nikasema Mbunifu alikuwa na wazo la kweli tangu mwanzo, nami nilichukua nusu yake mbaya na kuiacha nusu nzuri. Nusu nzuri iko ndani ya hiyo karatasi anayoikunja.

Mkurugenzi alivua miwani.

"Kwa hiyo mzee wangu, mteja wako mwezi mzima nilikuwa mimi?"

"Ndiyo, mama."

"Na hata mimi sikununua."

Mkuu wa Mauzo alicheka hadi akashika meza. Mkurugenzi hakucheka. Alinyoosha mkono kwa Mbunifu, akaiomba ramani, akaikunjua, akaisoma hadi chini. Akamuuliza mabwenini wanahamia lini. Mbunifu akajibu wameshaanza, ila nusu hawajafika. Akamuuliza anahitaji nini. Fedha za matairi, alisema Mbunifu, na lori lenyewe, hata kwa hayo matairi ya zamani.

Akapewa vyote. Na mkataba. Na idara. Kuanzia Jumatatu Mbunifu ndiye Mkuu wa Masoko, Mshairi atabaki akikubali kuandika neno godoro, na mimi nitafanya kazi chini ya binti. Hata kiti kimehamia kwake. Mlangoni alinishika mkono. Aliniambia, asante mzee, ulinisemea. Nikajibu ni wajibu. Nikaenda msalani nikakaa kidogo.

Nimejifunza. Naliandika hili kwa herufi kubwa: NIMEJIFUNZA. Tangazo ni la mnunuzi, si la bosi.

Jumatatu, 1 Julai

Siku ya kwanza chini ya Mkuu mpya. Ana adabu, na ana haraka. Alinikabidhi rundo la matangazo, mabweni manane, nibandike kila geti na nikae nizungumze na wanafunzi. Neno godoro limo, kubwa, ingawa Mshairi amelizungushia maua.

Mabweni manane ni mbali. Jua ni kali. Wanafunzi wana maswali mengi, na kiuno changu bado hakijanisamehe.

Nikatafakari kama mtu aliyesoma. Mkuu wangu hana gari wala redio. Anashuka kituo cha duka la dawa, anakata uchochoro wa mafundi viatu, anatokea getini kwetu. Mwendo mfupi tu, wenye kuta nzuri na kivuli. Gundi ikatosha.

Alipotoka kula mchana alirudi akihema kwa furaha. Alisema ameyaona matangazo yetu tangu kituoni hadi hapa, hajawahi kuona kazi ya haraka namna hii, na ananipendekeza niongoze kanda nzima ya chuo. Sasa kesho anataka twende wote akajionee mabwenini.

Nimeshazungumza na dereva wa lori. Kwa sahani mbili, anajua njia inayopita mbele ya uchochoro wetu, ndefu kiasi cha kutufikisha mabwenini gizani.