Skrini Mbili na Komora Mmoja

Jumatatu, 6 Septemba 1999

Dan amefika kutoka Malindi na skrini mbili za kompyuta. Moja kubwa, ya rangi, nzito kama gunia la mchele. Nyingine ndogo, nyeusi na nyeupe, nusu bei. Kaniachia zote nizijaribu. Jumamosi atapita kuchukua nitakayoikataa. Yangu ya zamani ilizimika mwezi jana katikati ya barua ya mteja, haikuamka tena.

Lois, anayenipigia chapa hapa ofisini, anasema tuchukue ndogo. Kazi yetu ni barua, kadi za harusi na mitihani ya shule. Hajui mpango wangu.

Mpango ni huu. Rafiki yangu Komora anapita hapa Garsen Ijumaa akitoka Hola, anakwenda Ozi kumuaga mama yake. Kapata kazi Mombasa. Haendi! Atabaki hapa tufanye biashara hii pamoja. Akiiona skrini kubwa, na mchezo wa mpira ndani yake, Mombasa ataisahau.

Tulivyokuwa tukicheza kule ofisi ya mradi wa mpunga! Saa ya chakula, kibodi moja, yeye kulia, mimi kushoto, mabega yamegusana. Akifunga bao alicheka mpaka akakohoa, na bosi akajua hatufanyi kazi. Halafu El Niño ikaja, mradi ukaenda na maji. Kompyuta tuliitoa kwa mtumbwi, Komora kaipakata kama mtoto mchanga. Tangu siku ile sijacheka vile na mtu.

Jumanne, 7 Septemba

Nimeiunganisha ile kubwa. Nyasi kijani, jezi nyekundu, hadi nyuso za mashabiki zinaonekana. Nikacheza peke yangu, mkono wa kushoto dhidi ya mkono wa kulia. Wa kulia ukashinda, kama zamani.

Alasiri, balaa. Nusu ya uwanja imegeuka zambarau. Kipa wangu amekuwa biringani.

Nashuku husuda. Jirani yangu Mukhtar, mwenye ukumbi wa video, aliingia asubuhi kunisalimu, akaikazia macho skrini na hakusema mashallah. Lois ana maelezo yake. Eti Mukhtar kaleta spika mpya ukubwa wa kabati, kaiegemeza kwenye ukuta wetu wa mbao, nyuma ya skrini kabisa, na spika ina sumaku ndani. Nisogeze meza tu. Nikamwambia spika ni ya masikio, skrini ni ya macho. Wapi na wapi?

Jumatano, 8 Septemba

Leo zamu ya ndogo. Barua zinasomeka vizuri mno, lazima nikiri. Lakini mpira! Timu zote mbili zimevaa kijivu. Nimefunga mabao manne na sijui nilimfunga nani.

Nikatunga bei mbili: barua ya skrini ndogo na barua ya skrini kubwa. Mzee Tadicha alikuja kuandikiwa barua kwa chifu kuhusu njia ya ng'ombe wake kwenda mtoni. Akachagua kubwa, ili chifu aione vizuri. Alipopewa karatasi akaigeuza huku na huku, akaomba na ile ya ndogo aione. Akazilinganisha dirishani kwa utulivu wa mtu anayechagua fahali. Akalipia ya ndogo, akaondoka na zote mbili.

Alhamisi, 9 Septemba

Ile zambarau ni bahati yangu! Nitamwonyesha Dan, nimwambie skrini ni mgonjwa na biashara imekufa. Ataniachia kubwa kwa bei ya ndogo. Komora naye nitamwambia wateja wanafurika. Watu wawili, maneno mawili, siku mbili tofauti. Ubaya uko wapi?

Lois kauliza kwa nini nisimwambie Komora ukweli. Nikamuuliza ukweli upi. Akanitazama kidogo, akarudi kwenye chapa yake.

Ijumaa, 10 Septemba

Mukhtar kaiazimisha spika yake harusini. Zambarau imetoweka. Lois aliutazama ukuta tu.

Komora aliingia saa nne. Amekonda. Akakaa upande wa kulia bila kuambiwa. Bao la kwanza akacheka, akakohoa, kikohozi kile kile! Moyo ulinijaa hadi nikasahau kulinda lango. Nikamwambia wateja wanatoka Hola mpaka Kipini, peke yangu siwezi. Akasema Mombasa kwenyewe hamjui mtu. Akasema atafikiria.

Hapo ndipo Dan akaingia. Mtu wa Jumamosi, kaja Ijumaa! Akili ikaniruka. Nikaanza hotuba niliyoiandaa: skrini ni mgonjwa, biashara imekufa, mteja wa mwisho kaniibia barua. Dan akaitazama skrini, safi kama kioo. Kisha akamtazama Komora, ambaye alikuwa ameitoa mikono yake kwenye kibodi.

Nilimsindikiza Komora mpaka barabarani. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo liliniuma.

"Enos, ndugu yangu," akasema, "ungeniambia tu kwamba umenikumbuka. Ningebaki."

Akaenda Ozi. Dan akaondoka na ile kubwa. Nimebaki na ndogo. Nimejaribu kucheza, nikazima.

Jumapili, 12 Septemba

Kanisani sikusikia mahubiri hata kidogo. Niliwaza kwamba kutoka Ozi kwenda Mombasa lazima Komora apite hapa tena. Jumanne! Bado kuna nafasi!

Mukhtar ana televisheni kubwa kuliko skrini zote za Dan. Nitamwambia kanisa linaihitaji. Kanisani nitasema Mukhtar anaihifadhi kwangu. Tadicha nitampa barua ya bure akae mlangoni ionekane kuna foleni.

Lois alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kwa upole kama siwezi kumwambia Komora, kwa mdomo wangu, kwamba namkumbuka. Nikamjibu kwamba bila shaka nitamwambia, ila jambo kama hilo mtu haliendei mikono mitupu.