Kung'atuka kwa Mwenyekiti Maganga

Jumatatu, 3 Juni 2024
Masumbwe. Jirani yangu Mwalimu Chacha kaniazima kitabu cha George Washington, rais wa kwanza wa Marekani. Maajabu! Katawala vipindi viwili, watu wangali wanamtaka, kang'atuka mwenyewe, karudi shambani. Hakufukuzwa. Kwa nini aondoke? Nimesoma ukurasa ule mara tatu. Na leo sura yake iko kwenye dola! Mimi nimeongoza kikundi chetu cha wachimbaji wadogo vipindi viwili, hata kalenda hawajanichapia. Ijumaa uchaguzi. Mama Kudra, mwenye karasha ya kusagia mawe, anakitolea macho kiti changu.

Jumatano, 5 Juni
Nimeelewa! Anayeaga ndiye anayeng'ang'aniwa. Nitaaga, watalia, nitabaki shingo upande. Shemeji Doto nimempa kazi: nikimaliza tu, asimame, apaze sauti kwamba hawakubali. Kaahidi. Mke wangu Sesilia kauliza, na wasipolia? Hajasoma kitabu.

Ijumaa, 7 Juni
Hotuba dakika arobaini. Washington, shamba lake, unyenyekevu wake. Hata mimi machozi yalinilenga. Nikamkonyeza Doto. Akasimama, analia kweli! Akasema kwa kwikwi, "Maneno haya yamenigusa. Mtu akiomba kupumzika, tumheshimu!"
Makofi! Ukumbi mzima!
Dakika tano baadaye Mama Kudra ni mwenyekiti, hana mpinzani. Wakanipa jembe jipya. "Wabeja sana, Mzee Maganga," akasema Mama Kudra. Asante ya Kisukuma, tena kwa tabasamu! "Nenda ukalime kama huyo Washingtoni wako."

Jumamosi, 8 Juni
Doto kaja kuomba radhi. Eti nilihutubia vizuri mno, akasahau kwamba ulikuwa mpango. Nimemfukuza. Alipofika barabarani nikamwita, arudie hapo pa kuhutubia vizuri.

Jumapili, 9 Juni
Kumbe kitabu sikukimaliza! Washington kastaafu mwaka na ushee tu, kaitwa tena kuongoza jeshi. Kaitwa! Baada ya misa nimekwenda shambani na koti la suti, simu mfukoni, chaji imejaa. Saa sita ikalia. Mama Kudra!
"Nakubali kurudi!" nikasema kabla hajasalimia.
Akanisalimia kwanza. Kisha akauliza muhuri wa kikundi niliuweka wapi.
Siku mbili tu, wamekwama! Nimemjibu kwamba nautafuta. Uko hapa mezani, nimeufunika kwa kofia. Kesho atapiga tena, safari hii kwa kubembeleza. Sesilia ananipigia suti pasi. Anacheka peke yake. Nadhani ni furaha.