Maji ya Marehemu Ajwang

Jumatatu, 17 Juni 1957. Ruiru.
Nimefika shambani na sanduku langu la vifaa. Fundi wao, Ajwang, alizikwa mwezi uliopita. Kazi yake iko wazi, na nyumba yake pia. Ya mawe! Vyumba viwili! Nikiipata nitamwita Nelima kutoka Bungoma. Mke wangu amechoka kukaa kwa mama yangu, na ameapa Krismasi ikimkuta huko atarudi kwao. Nyapara Philip amesema nyumba ni ya atakayeziba rejeta inayovuja ya lori la kahawa. Nimepewa mpaka Ijumaa. Nikishindwa, anaitwa Rama wa Thika, yule mzee wa kofia anayelehemu polepole kama anashona nguo ya harusi. Rama! Thubutu.

Jumanne, 18 Juni.
Kung'oa rejeta ni kazi ya kuvunja mgongo. Kwa hiyo nimetia ndani yake unga wa posho, konzi mbili. Ukichemka unaziba tundu, kila dereva anajua hilo. Halafu nikaeneza uvumi, Rama asisogee hapa: nimewaambia wachuma kahawa kwamba marehemu Ajwang huja alfajiri kulijazia lori maji kwa lile kopo la bati nililolikuta limetundikwa msumarini. Wanawake waliacha kucheka. Nimejipongeza sana.

Jumatano, 19 Juni.
Unga umeziba. Lakini umeziba kila mahali isipokuwa tundu! Uji mtupu. Injini imetokota, lori likaguna kama mgonjwa. Nimefungua koki chini, nikamwaga maji yote hadi tone la mwisho. Hasira tupu.

Alhamisi, 20 Juni.
Rejeta imejaa. Pomoni! Mimi sikutia maji. Injini haijawashwa tangu jana, ila maji ni ya moto. Kopo la Ajwang, lililokuwa limetundikwa msumarini, liko juu ya boneti, linachuruzika. Ukungu kila upande, hakuna mtu. Nikajua ni Philip ananichezea. Nimemuuliza, akasema jana alilala Thika. Kisha akaniuliza, kwa upole, mimi mgeni nilijuaje mambo ya Ajwang na kopo la alfajiri, maana ndivyo alivyofanya maisha yake yote. Haki ya Mungu, nilijitungia tu!

Ijumaa, 21 Juni.
Nilimwaga tena jana. Imejaa tena. Chini kuna nyayo za maji, za miguu mitupu, kutoka mferejini hadi kwenye lori. Za kurudi hakuna. Nimekimbia, sanduku nikaliacha hapo hapo. Philip akamwita Rama. Nimemsimulia mzee yote, nusu kumtisha, nusu kwa sababu niliogopa kweli. Akaziangalia zile nyayo. Akavua kofia.
"Hodi, fundi," akaliambia lori. "Tupishe kidogo, tukumalizie kazi yako."
Akang'oa rejeta, akaukung'uta uji wangu wote mbele ya watu, akalehemu. Jioni lori limefika Thika bila kudondosha tone. Nyayo zimekauka. Nyumba kapewa Rama. Nyumba ya Nelima! Nimelia nyuma ya ghala na sikujificha.

Jumapili, 23 Juni. Thika.
Kanisani mhubiri amesema juu ya uwongo. Mahubiri mazuri, yamenigusa. Katikati yake nikapata wazo. Rama haogopi lori, lakini nyumba ni kitu kingine. Kesho narudi Ruiru kuwaambia kwamba Ajwang anadai kitanda chake, na kwamba hulala upande wa ukutani. Rama atahama, Nelima ataingia kabla ya Krismasi.
Nimerudi kwenye chumba changu cha kupanga, nikafungua kufuli. Mezani kuna kopo la bati ambalo si langu. Limejaa maji, nayo ni ya moto. Sijui jirani gani amenihurumia. Nimenawa uso, nimenyoa ndevu. Kesho lazima nionekane mtu wa kuaminika.