Binamu Amevuka Tena

Jumatatu, 6 Mei

Binamu karudi kutoka nchi jirani. Safari ya nne hii! Tulikuja ugenini pamoja, tunalala chumba kimoja, tunapiga pasi mashuka ya hoteli ileile. Lakini yeye kila Jumamosi yuko kwenye basi, anavuka mpaka, na Jumapili anarudi na picha. Mimi Jumamosi nafua soksi.

Jioni nimefungua simu. Mama ameweka picha ya binamu kwenye wasifu wake. Mama! Aliyenizaa mimi! Nikampigia. Akasema mwenzangu anajua kuishi, nami nitoke nje nipate hewa. Nikamwambia hewa ninayo. Sasa usingizi hauji.

Jumatano, 8 Mei

Makubwa. Nesi wa ghorofa ya chini, ambaye kila siku namfungulia lango kwa heshima zote, Jumamosi atakwenda na binamu. Kwa gari lake! Binamu akaniuliza kama nami nitapenda kwenda nao. Nikae kiti cha nyuma kama gunia? Nikasema nina shughuli.

Na kweli ninayo. Nitaficha pasipoti yake, kisha nitakwenda mimi, kwa basi, nchi hiyohiyo. Mama atabadilisha picha mwenyewe.

Ijumaa, 10 Mei

Umeme umekatika. Bahati iliyoje! Nimepapasa kwenye droo, nikachukua pasipoti ya binamu, nikaizika kwenye ndoo ya mchele. Yangu nimeitia mfukoni. Binamu akauliza natafuta nini gizani. Nikasema kiberiti. Akaja kunimulikia kwa simu. Ana wema wa kuchosha mtu huyu.

Jumamosi, 11 Mei

Mpakani. Askari akafungua pasipoti, akanitazama, akaitazama tena.

"Ndugu yangu, huyu si wewe."

Nikachungulia. Binamu! Anatabasamu! Hata kwenye pasipoti anatabasamu! Kumbe kwenye mchele nilijizika mwenyewe.

Nikawekwa kwenye benchi. Ikabidi nimpigie. Akasema ya kwangu ameikuta alipokuwa anapika, wanakuja. Wakaja, yeye na nesi. Hawakunigombeza hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma. Nesi akanipa chungwa. Nikaeleza kwamba giza lilinichanganya, bila kugusia mchele. Askari akasema mimi leo sivuki, nirudi nilikotoka. Binamu akarudishiwa pasipoti yake, na kwa kuwa wameshafika mpakani, askari akawaambia wapite.

Wakapita! Nikawapungia kwa mkono wenye chungwa.

Jumapili, 12 Mei

Mama ana picha mpya: binamu na nesi, wanacheka. Chini kaniandikia nimshukuru mwenzangu kwa kuniokoa. Kuniokoa!

Binamu kaniletea kofia yenye jina la nchi nisiyoiona. Imenikaa vizuri sana. Nimeivaa, lakini kwa hasira.

Nimetafakari mchana kutwa. Kosa langu lilikuwa moja tu: pasipoti zetu zinafanana. Wiki ijayo naficha viatu. Vya binamu ni vikubwa kama mitumbwi. Hata gizani sitakosea.