Keke Yenye Tundu na Choo cha Baba Mkwe

Jamani, leo nimevuliwa nguo mchana kweupe, na nguo nilikuwa nimevaa.

Nipeni kikombe cha kahawa niwaeleze mwenyewe kabla hamjasikia kwa watu wa kivukoni, maana huko kisa kimeshaota mikia. (Muuza samaki kaniuliza ati ni kweli choo kiliruka hadi juu ya mnazi. Choo hakikuruka. Kilichoruka ni kingine.)

Hali yangu mnaijua. Tangu nirudi kutoka vitani sina kazi. Kule Uhabeshi nilikuwa mtu! Nilishika nyundo ya hewa, ile mashine ya kutoboa mawe inayokutetemesha mpaka meno, nikatoboa majabali yapate kupasuliwa kwa baruti, magari ya jeshi yapite. Wazungu wenyewe wakaniita fundi. Vita vikaisha, nikapewa koti zito la sufu, nikaambiwa asante, nenda kwenu. Koti la sufu, Likoni! Kufika nikakuta waliobaki nyuma wameshakamata kazi zote za bandarini. Mimi nabeba magunia siku wanayonitaka. Siku wasiyonitaka nakaa kivukoni natazama wenye kazi wakivuka.

Mke wangu Mwanajuma alivumilia, akavumilia, kisha akafunga nguo zake akarudi kwa baba yake. Hakunitukana. Alisema tu: "Ukipata kazi ya kueleweka, njoo unichukue." Bora angenitukana.

Basi wiki hii nikasikia kuna mkandarasi, Bwana Harnam, anajenga tangi la maji hapa kwetu, naye anatafuta mtu wa kushika nyundo ya hewa. Kazi ya kudumu, maana akitoka hapa ana matangi mengine Kisauni mpaka Utange. Nikaenda kwake mbio. Akanitazama juu chini, akasema, "Njoo Ijumaa asubuhi, nikuone kwa macho." Nikamuuliza tangi lenyewe linakaa wapi. Akanyoosha kidole.

Nyuma ya nyumba ya baba mkwe wangu!

Nikafurahi, wallahi. Nikajiambia: Mungu kanionea huruma, Mwanajuma atanitazama nikifanya kazi kwa macho yake. (Kanitazama.)

Leo asubuhi nikapiga pasi kaptura ya jeshi mpaka ikasimama peke yake. Nikapita mbele ya nyumba. Baba mkwe, Mzee Athumani, amekaa barazani na kanzu yake ya Ijumaa, nyeupe pe, inang'aa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Basi, hapo hapo. Hakuniuliza hali wala hakuniambia karibu. Mwanajuma alikuwa uani na mama yake, wamesimama kwenye ua wa makuti. Nikajikohoza. Akageuka kutazama kuku.

Nyuma ya nyumba, uwanjani pa tangi, nikamkuta Kombo. Kombo mvunja mawe wa Magogoni, yule mdomo mrefu. Naye kaja kuitaka kazi! Mtu hajawahi kushika nyundo ya hewa tangu azaliwe. Watu nao wameshajaa, maana mashine ya hewa si kitu cha kuonekana kila siku.

Bwana Harnam akafungua sanduku la keke, vile vyuma vinavyotiwa kwenye mdomo wa nyundo ndivyo vinavyotoboa. Zilikuwa za kila namna.

"Chagueni," akasema. "Mtu akishachagua keke, mimi nimeshajua kama ni fundi."

"Ile nene!" Kombo akaropoka. "Ile nene kuliko zote!" (Kama anayechagua muhogo sokoni.)

Mimi sikufanya haraka. Nikazitoa moja moja, nikaziinua jichoni kama bunduki, nikazipapasa ncha kwa kidole gumba. Haikuwa lazima, lakini Mwanajuma alikuwa ameshaacha kuku. Kulikuwa na keke fupi, chuma kitupu bila tundu, ncha yake bapa kama patasi. Hiyo ni ya jiwe laini. Na kulikuwa na keke ndefu, ncha yake imekatwa msalaba, na katikati ina tundu jembamba linalopitisha hewa toka juu mpaka chini. Ukitoboa jabali gumu, unga wa jiwe hujaa shimoni na keke ikanasa. Hii yenye tundu inapuliza unga wote nje. Kule Uhabeshi ndiyo iliyokuwa mkono wangu wa kulia.

"Hii," nikasema.

Bwana Harnam akakunja uso. "Jiwe la hapa ni matumbawe, laini. Ile fupi haitoshi?"

"Bwana, fundi hataki keke inase. Hii inajisafisha yenyewe kwa upepo!" Nikalisema kwa sauti, lifike mpaka uani.

"Haya. Mashimo ni yako."

Nikatia keke, mashine ikanguruma, nikaanza. Jamani! Shimo la kwanza liliingia kama kisu ndani ya mkate wa boflo. Unga mweupe ukaruka juu, watu wakapiga makofi. La pili vivyo hivyo. Mama mkwe akapiga kelele, "Mwanajuma, funika chungu, vumbi hilo!" na Mwanajuma akafunika chungu huku anatabasamu. Nimemwona kwa macho yangu. Bwana Harnam akaja akalitazama shimo, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaniambia sikioni, "Toboa la tatu, kisha tuzungumze kazi."

Hapo mimi nimeshakuwa mwajiriwa. Nimeshamchukua mke wangu, tumeshapanga nyumba ya vyumba viwili, nimeshanunua na kitanda.

Nikamwona baba mkwe akipita na birika la maji mkononi. Kakusanya kanzu yake vizuri isiguse chini, kaingia chooni ajitayarishe kwenda msikitini. Nikamwinamia kichwa kwa adabu. Nikaendelea.

Sasa sikilizeni. Choo chao hakikuchimbwa. Ni pango lililomo ndani ya jiwe lenyewe. Babu zao walilikuta liko wazi, wakaliwekea magogo juu na kulizungushia makuti. Mimi, mkwe wa nyumba ile, nimekitumia choo hicho tangu nilipooa. Je, nililikumbuka pango? Nilijiuliza linafika wapi chini ya ardhi? Sikujiuliza. Nilikuwa nanunua kitanda.

Shimo la tatu likaanza vizuri. Mara keke ikazama yote kwa mkupuo mmoja, mpaka shingoni! Nusura na mimi niifuate. Nikajaribu kuivuta, haitoki.

"Imenasa!" Kombo akashangilia. "Keke ya fundi imenasa!"

Damu ikanipanda. Mwanajuma anasikia! Nikasema, "Haijanasa! Ni unga tu. Ngoja niipulize." Nikafungua hewa nusu.

Kwanza hapakuwa na kitu. Kisha chini ya miguu yetu ikasikika sauti kama tumbo la ngamia. Kisha harufu. Watu wa mbele wakaanza kurudi nyuma. Na kule ndani ya makuti ya choo, sauti ya mtu mzima ikasema polepole, kama anayeulizia jambo:

"Astaghfirullah?"

Bwana Harnam akaelewa kabla yangu. Akaja mbio, anapunga mikono, anapiga kelele, "Funga! Funga!"

Lakini ile mashine, ndugu zangu, inanguruma. Mimi nikasikia, "Fungua! Fungua!"

Nikafungua mpaka mwisho.

"ASTAGHFIRU..."

Hakumaliza. Makuti ya mbele yakaanguka, na Mzee Athumani akatoka nayo. Birika bado analo mkononi. Ile kanzu ya Ijumaa, sitaki kuwaeleza rangi yake. Mnakunywa kahawa. Shuka za mama mkwe kwenye kamba, zimepata. Ukuta wa jikoni, umepata. Viatu vya Bwana Harnam, vimepata. Mimi niliyekuwa upande wa upepo, sikupata hata tone! Nimesimama na kaptura yangu ya pasi, safi kama bwana harusi. Ningejipaka mwenyewe kama ningejua.

Bwana Harnam akaizima mashine kwa mkono wake. Watu wakaanza kucheka. Si kucheka kwa adabu, la. Watu wamelala chini! Kombo mwenyewe alikuwa ameshika mnazi. Mama mkwe yeye aliweka mikono kichwani, akamwongoza mumewe nyuma ya nyumba, tukawa tunasikia maji yanamwagwa, na maji, na maji. Adhana ikapita. Swala ya Ijumaa ikampita Mzee Athumani yuko ndani ya beseni.

Nikamfuata Bwana Harnam, anafuta viatu kwa majani.

"Bwana, ile ilikuwa bahati mbaya. Mashimo mawili uliyaona."

Hakuniangalia. Akamwita Kombo. "Wewe. Kesho asubuhi uanze kazi."

"Bwana!" nikasema. "Kombo hajawahi kushika mashine hii maishani mwake!"

"Ndiyo," akasema. "Na wewe umeshika."

Jamani, hilo limeniuma kuliko yote. Milima nimetoboa, baridi imenila vidole, kazi kapata mtu ambaye sifa yake ni kwamba leo hakugusa kitu.

Nikageuka kuondoka, ndipo nikasikia Mwanajuma anacheka. Ameegemea ua, machozi yanamtoka, kanga imemteleza begani hana habari. Kicheko kile sijakisikia tangu kabla sijapanda meli kwenda vitani. Nikasimama nikasikiliza. Na mimi nikaanza kucheka. Nikasogea, nikamwambia taratibu, "Basi twende nyumbani, Mwanajuma."

Akapangusa macho. Akanitazama vizuri, kwa upole, na huo upole ndio ulionitisha.

"Nyumbani?" akasema. "Na kanzu ya baba ataifua nani?"

Akaingia ndani.

Nilikuwa nimeshafika njiani nikasikia naitwa. Mzee Athumani yupo barazani, kajifunga shuka kuukuu, ndevu zinachuruzika maji.

"Bakari."

"Labeka, baba." Nikapiga magoti palepale mchangani.

"Huko vitani, mlikuwa mnapigana na nani?"

"Wataliani, baba."

"Wakashindwa?"

"Wakashindwa, baba."

Akakamua ndevu.

"Siwalaumu," akasema.

Kisha akanihukumu. Choo kile hakifai tena, magogo yamekatika na shimo limebaki wazi, na watu wa nyumba ile, mke wangu akiwa mmoja wao, wanaomba choo kwa jirani. Nimchimbie kingine, upande wa pili wa ua, ndani ya jiwe lilelile. Nikathubutu kuuliza kama naweza kuazima mashine kwa Bwana Harnam, kazi iende haraka. Alinitazama mpaka nikajiona mdogo kama punje ya mtama.

"Tindo na nyundo ya mkono," akasema. "Na kabla ya kila pigo, upige hodi."

Basi ndiyo hivyo. Kazi nimepata, haina mshahara, naanza kesho. Kombo atakuwa upande wa huku wa ua ananguruma na mashine yangu, mimi upande wa kule nagonga jiwe kama mfungwa, na mke wangu katikati anaanika kanzu. Chekeni leo mumalize. Atakayekuja kesho kucheka, aje na sururu yake.