Wenye Nyumba Wanane

Rex Garvan hakuwa fundi, hakuwa mkaguzi, wala hakuwahi kufanya kazi yoyote ya kutoa jasho. Alichokuwa nacho ni kizibao cha kung'aa cha rangi ya chungwa, na kwa mji wa Wollongong, Australia, hicho kinatosha. Ukikivaa na kubeba ngazi, hata benki watakushikia mlango.

Asubuhi moja alikuwa akipita karibu na ufukwe aliposikia mtu anafoka kwenye simu.

"Dola elfu thelathini? Mnataka kuibomoa au kuinunua?"

Mfokaji alikuwa Neville Stubbs, mwenye nyumba kuukuu ya asbesto tupu, yale mabamba ya zamani yenye vumbi la sumu, kuta hadi paa. Hoteli moja ilitaka kununua kiwanja chake, mradi asbesto iondolewe kwanza, na hiyo ndiyo bei ya kampuni yenye leseni. Neville alikuwa bahili wa kupigiwa mfano. Inasemekana walipotoka kumzika mama yake, alirudisha maua dukani.

Rex aliegemea uzio. Aliitazama ile nyumba, baraza lake na mlimao wake, akaipenda. Tapeli naye ana moyo. Yeye alikuwa akilala kwenye karavani nyuma ya nyumba ya dada yake, na dada alishampa miezi miwili ahame, ikiisha na undugu uishe.

"Elfu thelathini za nini, bosi, na msamaha wa leseni upo?"

"Naujua huo," Neville akasema. "Mwenye nyumba anaruhusiwa kuondoa mita kumi za mraba bila leseni. Yangu ina themanini."

"Basi tatizo si asbesto. Tatizo ni uchache wa wenye nyumba. Unahitaji wanane."

Neville akakata simu bila kuaga.

Habari ya mita kumi ilikuwa ya sheria. Yaliyobaki yalikuwa ya Rex. Alieleza kwamba Neville angewauzia nyumba watu wanane waaminifu, dola moja kila mmoja. Kila mwenye nyumba angeondoa mita zake kumi, kisha wote wangemrudishia nyumba yake ikiwa safi.

"Na wakikataa kuirudisha?"

"Nakuletea wazee wa klabu, bosi. Meno yao yenyewe hawakumbuki wameyaweka wapi. Nyumba wataikumbuka?"

Neville akacheka, akalipa ada ya ushauri papo hapo. Ubahili una ajabu zake: humnyima mtu kikombe cha chai, halafu humpa tapeli nyumba nzima.

Hesabu ya Rex ilikuwa nyingine kabisa. Hati zikishatoka, wale wazee wangemuuzia yeye. Akaenda kwenye klabu yao ya kuviringisha mipira nyasini, akaahidi kila atakayesaini sinia la nyama ya kuchoma. Kwa sinia la nyama, wazee wa Wollongong wako tayari kusaini chochote. Akawapata saba. Wa nane akakosekana, kwa hiyo Rex akajiandika mwenyewe. Ada ya Neville ikaishia kwa mwanasheria na kwenye kodi ya kuhamisha hati, na Rex akauza gari lake mwenyewe kujazia pengo.

Hati zilipotoka, Rex alifika klabuni na karatasi za mauzo ya pili mkononi, akipiga mluzi. Kumbe alikuwa amesahau jambo moja kuhusu wazee wa kwao. Waweke watatu penye birika la chai, na kabla halijachemka wameshachagua mwenyekiti.

"Umechelewa," alisema Colin Wragg, mzee wa masharubu aliyeketi mbele ya meza. "Tuko ajenda ya tatu."

"Ajenda ya nini?"

"Ya nyumba yetu."

Rex akacheka, kisha akaona anacheka peke yake. "Jamani, tulikubaliana. Mnaniuzia mimi, mnapata nyama. Haya, masinia mawili kila mtu!"

"Hoja ya nyama imekataliwa kwa kauli moja. Hukuwepo."

"Lakini mtabeba mzigo! Kila mmoja atalazimika kubandua mita zake kumi."

Bibi mmoja, Dulcie Pascoe, akaweka kikombe chini. "Hakuna atakayegusa ukuta ule, mwanangu. Mume wangu alikata mabamba ya asbesto kwa msumeno maisha yake yote. Vumbi likamkaa kifuani, na nikamzika. Wewe unakuja kuniambia habari za msamaha?"

Rex akatazama viatu vyake. Aliona haya, kwa muda mfupi lakini kwa dhati.

Colin akaendelea. Kampuni yenye leseni ilikuwa imeshaitwa, na nyumba ingejengwa upya ili wajane wa klabu wahamie. Kila mwenye nyumba alikuwa amelipa fungu lake la gharama isipokuwa Rex. "Lipa, au saini hapa utuachie sehemu yako ya nyumba. Ukipenda njia ya tatu, hizo karatasi zako polisi watazipenda."

Dirisha likagongwa. Alikuwa Neville, uso mwekundu. "Nyumba yangu! Wezi nyie!"

"Andika barua, Neville," Colin akamjibu. "Itajadiliwa."

Rex akashika kalamu, akaiweka tena mezani. "Kabla sijasaini, mimi bado ni mwenye nyumba. Natoa hoja." Sauti yake ilikuwa imepungua. "Rex Garvan apewe chumba cha nyuma. Muda niliopewa na dada unaisha Ijumaa, na sina pa kulala. Hilo si utapeli, jamani. Ni kweli."

"Nani anaunga mkono?"

Wazee wakachunguza biskuti zao. Kisha Dulcie akanyoosha mkono.

"Naunga mkono."

Machozi yakamlengalenga Rex. Hakukumbuka lini aliwahi kupata kitu kwa kusema ukweli.

"Wanaokubali?"

Rex akanyoosha mikono yote miwili. Ikahesabiwa kuwa kura moja.

"Wanaokataa?"

Mikono saba ikapanda, wa Dulcie ukitangulia.

"Bibi! Si umeniunga mkono sasa hivi?"

"Ili ijadiliwe, mwanangu," Dulcie akasema, akimsogezea kalamu. "Hapa tunafuata utaratibu."